Lubumbashi: Leseni ya antivirusi ya bure inapoisha, mwanafunzi ndiye anayelipa

Karibu na kampasi ya Kasapa, mjini Lubumbashi, kila msimu wa kutetea kazi za mwisho wa masomo unaleta kilio kilekile. Mwanafunzi anaingia kwenye sekretaria, anatoa flashi mfukoni, anaomba kurasa zake zitolewe kwenye karatasi na kufungwa vizuri. Flashi inachomekwa kwenye mashini, na kazi haionekani. Mahali pa folda kuna alama ndogo yenye mshale. Pembeni ya ekrani, antivirusi ya bure inarudia neno lake la kila siku: leseni imeisha, fanya upya.

"Papa, hii flashi ilikuwa nzima asubuhi," msichana mmoja alimwambia mwenye sekretaria, siku chache mbele ya kuweka TFC yake.

"Mama, mashini yangu iko na antivirusi," mwenye sekretaria alimjibu. "Shida ni leseni tu. Tangu mwezi uliopita inakataa."

Fundi wa mashini aliitwa. Akaangalia, akasema flashi imekufa, akaiformati. Virusi vilitoka, na kazi ya miezi ikatoka pamoja navyo. Msichana alirudi nyumbani kuandika upya kutoka kwenye karatasi alizokuwa amesahihishiwa na profesa wake.

Katika maneno ya yule papa kuna neno moja dogo ambalo wenye sekretaria wengi wanalitumia: "tu". Leseni tu. Wanalichukua kama jambo la karatasi, sawa na patanti iliyochelewa kulipwa, kumbe kazi inaendelea. Hapo ndipo kosa liko. Antivirusi ambayo leseni yake imeisha mara nyingi haipokei tena habari za virusi vipya. Inabaki imesimama mlangoni ikiwa na sura ya sentinele, lakini haijui tena mwizi anafanana namna gani. Na kama itakavyoonekana, inaweza hata kumzuia sentinele mwingine asifanye kazi.

Inafaa kuelewa kwanza kwa nini leseni inakataa. Kampuni nyingi zilizotoa antivirusi za bure ziliwapa watu programu bila kulipa, lakini kwa muda. Mtu alijiandikisha kwa barua pepe, akapewa mwaka mmoja au zaidi kidogo, kisha akatakiwa kujiandikisha tena. Kwa miaka mingi ilikwenda vizuri. Shida ilianza pale programu yenyewe ilipozeeka. Kampuni ilitoa toleo jipya, na la zamani likaachwa nyuma. Mfano ni Avast: tangu mwanzo wa mwaka 2019, mashini zenye Windows XP na Vista zilibaki kwenye toleo la 18.8, bila kupata matoleo mapya yaliyofuata. Kwa hiyo mtu anayepambana na toleo la zamani kabisa anagonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Sababu ya pili inachekesha, lakini hapa mjini iko nyingi. Ndani ya kila mashini ya mezani kuna bateri ndogo ya duara, kama kifungo cha koti, inayotunza saa na tarehe wakati umeme haupo. Mashini nyingi zinazouzwa hapa zilishatumika miaka mingi kwingine, na bateri hiyo imekufa zamani. SNEL inakata umeme, na mashini ikiwashwa tena inajiona iko miaka kumi au zaidi nyuma. Leseni inahesabiwa kwa tarehe. Tena, mawasiliano salama kwenye intaneti nayo yanakagua tarehe. Mashini iliyopotea katika miaka inakataliwa na kila mahali inapogonga. Mwenye sekretaria ananunua mega, anajaribu kufanya leseni upya, anashindwa, ananunua mega nyingine, anashindwa tena. Feza imeisha, na kumbe dawa ilikuwa kubadilisha bateri na kupanga saa.

Sababu ya tatu ni kwamba programu za zamani zinaongea na intaneti kwa njia za zamani. Sehemu nyingi za intaneti zimefunga njia hizo kwa usalama. Hapo hata tarehe ikiwa sawa na mega zikiwa tele, toleo la zamani halifiki linakokwenda.

Yule anayeshindwa kwa njia hizi tatu anaangukia kwenye vishawishi viwili. Cha kwanza ni kurudisha saa ya mashini nyuma kwa makusudi ili leseni ionekane bado nzima. Ni sawa na kugandisha kalenda ukutani ili deni la nyumba lisifike. Antivirusi inanyamaza, lakini habari za virusi vipya haziji, na tarehe za kazi za wateja zinaharibika. Cha pili ni kutafuta namba za leseni zinazogawiwa ovyo kwenye intaneti, au programu ndogo inayoahidi kufungua kila kitu. Hii ni hatari kuliko ya kwanza. Anayesambaza virusi anajua vizuri kwamba mtu mwenye antivirusi iliyokufa ana haraka na hana feza; ndiyo maana programu za namna hiyo mara nyingi zinabeba virusi ndani yake. Mtu anafungua mlango mwenyewe ili kununua kufuli.

Kampuni zenyewe nazo zina sehemu yao katika lawama. Kitu kinachoitwa cha bure kingepaswa kusema wazi, tangu siku ya kwanza, kitaishi mpaka lini. Lakini mara nyingi ujumbe wa leseni kuisha hauongozi mtu kwenye toleo jipya la bure. Unamsukuma kwenye ukurasa wa kununua, unaotaka karti ya benki. Lubumbashi watu wengi wanalipa kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Ukurasa wa namna hiyo hauwahusu. Kilicho bado cha bure kinafichwa chini kwa herufi ndogo, na mtu asiyesoma Kiingereza vizuri anaamini kwamba bure imeisha.

Na hata bure yenyewe ina bei yake. Mwezi wa Januari 2020, waandishi wa habari walionyesha kwamba Avast, kupitia kampuni yake ndogo iliyoitwa Jumpshot, ilikuwa ikiuza habari za kurasa ambazo watumiaji wake walizitembelea kwenye intaneti. Jumpshot ilifungwa mwezi uleule. Mwaka 2024, tume ya biashara ya serkali ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa jambo hilo. Mtu wa Katuba au wa Kamalondo asiyetoa hata franka moja alikuwa na haki ya kujua kwamba huenda analipa kwa namna nyingine.

Lakini kulaumu kampuni za mbali hakumrudishii mwanafunzi TFC yake. Kuna mambo ambayo yako mikononi mwa watu wa hapa, na hayadai karti ya benki.

La kwanza: kuacha kukimbilia leseni ya programu iliyokufa, na kuangalia kwanza mashini iko na Windows gani. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, Microsoft inaweka antivirusi yake ndani ya mashini. Sasa inaitwa Defender. Haidai kujiandikisha na haina leseni ya kufanya upya kila mwaka. Hapa ndipo mambo yanaumiza: Defender ikiona antivirusi nyingine imewekwa, inajiweka kando ili zisigombane. Kwa hiyo sekretaria zenye Windows 10 zinaweza kuwa na sentinele mzima ndani ya nyumba, amelala, kwa sababu yule mwenye leseni iliyoisha bado amekalia kiti chake. Kuiondoa kabisa programu ya zamani, kuwasha mashini upya na kuhakikisha kwamba Defender imeamka ni kazi ya muda mfupi, na haihitaji kununua kitu.

Ni kweli kwamba Microsoft iliacha kuisaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo ni jambo zito na halifai kufichwa, kwa sababu matundu mapya ya Windows yenyewe hayazibwi tena kwa mashini za kawaida. Hata hivyo, Microsoft imesema habari za virusi za Defender zitaendelea kutolewa kwa Windows 10 mpaka Oktoba 2028. Ni muda wa kujipanga.

La pili linahusu mega. Habari za virusi za Defender zinaweza kupakuliwa kama faili moja, mara moja, kwenye mashini moja, kisha zikabebwa kwa flashi safi mpaka kwenye mashini nyingine. Faili hiyo inapita mega mia moja. Kwa sekretaria moja ni mzigo. Kwa sekretaria tano za barabara moja zinazochangia, ni bei ya chupa ya soda kwa kila mmoja. Watu wanaojua kuchangia jenereta umeme ukikatika hawawezi kushindwa kuchangia faili moja kila wiki.

La tatu ni mashini kuukuu zenye Windows 7 au XP. Hapa wengi wanasema: "Hii mashini haiwezi kubeba Windows mpya, na feza ya kununua nyingine hakuna. Tufanye nini?" Swali ni la haki. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Hakuna leseni ya antivirusi inayoweza kufufua nyumba ambayo msingi wake umeachwa. Mwezi wa Mei 2017, virusi vya WannaCry vilifunga mashini katika nchi nyingi za dunia kwa kupitia tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeshaliziba mwezi wa Machi. Waliopigwa ni wale ambao hawakuwa wamezibiwa. Kwa mashini kama hizo njia ya kweli ni mbili. Ama zitumiwe bila intaneti na bila flashi za wateja, kwa kuandika tu. Ama ziwekewe Linux nyepesi pamoja na LibreOffice, vyote vya bure bila leseni ya mwaka. Virusi vya flashi vilivyotengenezwa kwa Windows havitembei humo. Ni kweli kwamba kazi iliyoandikwa kwa Word inaweza kusogea mistari kidogo ikifunguliwa kwa LibreOffice. Mwanafunzi akileta kazi yake ikiwa PDF, shida hiyo ya kuchapa inaisha.

La nne ndilo lingemwokoa yule msichana. Virusi vile vya mshale, mara nyingi, havifuti kazi ya mtu. Vinaificha, na mahali pake vinaweka alama ya uongo ambayo mtu akiigonga anavitembeza mwenyewe. Folda inabaki ndani ya flashi. Fundi akiichomeka kwenye mashini ya Linux ataiona, na hata kwenye Windows ataiona akiruhusu faili zilizofichwa na zile za mfumo zionekane. Kuiformati flashi bila kuangalia hivyo ni kumzika mtu aliyezimia. Fundi anayejiita fundi anapaswa kuuliza kwanza: ni kiasi gani cha flashi kinaonekana kimejaa? Kama flashi inaonekana tupu lakini nafasi imejaa, kazi bado imo.

Mzigo huu haufai kuachiwa sekretaria peke yao. Vyuo vinawadai wanafunzi kazi zilizochapwa, na wanafunzi wengi hawana mashini nyumbani. Fakulte zinazofundisha mambo ya informatiki zina vijana wanaojua haya yote. Kuweka meza moja pale kampasi wakati wa kuweka TFC, yenye mashini moja ya Linux ya kusafisha flashi kabla mwanafunzi hajatoka nje, hakudai bajeti ya serkali. Kungekuwa pia ni mazoezi mazuri kwa vijana hao.

Mwanafunzi naye ana lake. Kazi iliyo kwenye flashi moja tu ni kazi iliyo njiani kupotea, hata kama antivirusi zote za dunia zina leseni. Kujitumia faili kwa barua pepe kila baada ya sura moja kunakula mega chache sana. Kopi ya pili kwenye simu haigharimu kitu.

Yule papa wa sekretaria hakuwa mtu mbaya. Aliwaza kwamba ana ulinzi kwa sababu aliona alama ya antivirusi kwenye ekrani, na aliamini kwamba kilichokosekana ni tarehe tu. Wenye sekretaria wenzake wa Kasapa, wa Kenya na wa Kampemba wangefanya vizuri leo hii, kabla mteja mwingine hajafika, kuangalia kona ya ekrani zao. Kama ujumbe wa leseni uko pale tangu mwezi uliopita, wasiutafutie namba. Waitoe programu hiyo, wapange saa, wamwamshe aliye mzima.