KASUKU HAJENGI INCHI

Wandugu wa machimbo ya Manguredjipa, wandugu wa Beni na Butembo, wazazi wote munaouza kahawa, ndizi na mihogo ili mtoto asome: leo tunasema nanyi habari ya mtihani.

Kila mwaka watoto wetu wa kalasi ya mwisho ya sekondari wanakaa mbele ya mtihani wa Leta, ulioanzishwa mwaka 1967. Mwenye kupata 50 kwa mia anapewa diploma na njia ya universite. Mwenye kukosa anarudi nyumbani. Sisi hatuukatai mtihani. Mtoto wa mchimbaji na mtoto wa tajiri wanajibu maswali ya Leta moja, na hilo ni haki. Tunakataa namna watoto wanavyotayarishwa.

Mwalimu anaandika ubaoni, mtoto ananakili, usiku anarudia kwa sauti mpaka maneno yamkae kichwani. Maswali mengi ya mtihani huja na majibu yaliyokwisha kuandikwa. Kazi ya mtoto ni kuchagua moja. Basi anashika majibu ya miaka iliyopita kama sala. Hata insha ya Kifaransa, ambayo ingempa nafasi ya kusema mawazo yake, wako wanaoshika utangulizi wake mzima kabla ya kujua wataulizwa nini.

Tabia hii ilitoka wapi? Wabelgiji waliacha shule nyingi mikononi mwa misioni. Mtoto aliulizwa swali la katekisimu, akajibu neno kwa neno, akasifiwa. Serikali ya koloni ilihitaji makarani wa kunakili. Haikuhitaji mtu wa kuuliza sababu. Universite ya Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, miaka 6 tu kabla ya uhuru. Tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye diploma ya universite walikuwa wachache mno, na Patrice Lumumba hakuwa mmoja wao. Yeye alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, akajisomea vitabu mwenyewe, akauliza maswali ambayo hakuna aliyemfundisha kuyauliza. Ndiyo maana walimwogopa.

Mkoloni alikwenda zake. Mbona kiboko chake cha kufundishia tumekihifadhi?

Wachimbaji, sikilizeni, jambo hili linagusa mifuko yenu. Muulizeni kijana mwenye diploma uzito wa dhahabu. Atajibu upesi: gramu 19,3 kwa sentimita moja ya ujazo. Vema, amepata pointi. Sasa mupeni kipande cha gramu 38,6, chombo chenye alama na maji kidogo, mumuulize kama dhahabu hiyo ni safi. Atanyamaza. Kumbe jibu analo kichwani! Dhahabu safi ya uzito huo hupandisha maji sentimita 2 za ujazo. Yakipanda zaidi, ndani mna kitu kingine. Baba yake anauza kwa mnunuzi anayepima kwa vijiti vya kiberiti na vipande vya feza, na mtoto aliyesomeshwa kwa jasho la baba hawezi kumtetea.

Wengine watasema: bila kushika kwa kichwa hakuna elimu. Kweli, hesabu za kuzidisha zishikwe. Wazee wetu nao walishika majina ya mababu na mipaka ya mashamba. Lakini shauri jipya lilipofika barazani, walilinganisha, walipima, walibishana mpaka jua likazama. Aliyejua majina tu hakupewa kuhukumu.

Tena fikirini watoto wa Beni. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamefukuza jamaa nyingi vijijini, shule zikafungwa, madaftari yakabaki nyuma. Aliyefundishwa kurudia maneno amepoteza kila kitu pamoja na daftari lake. Aliyefundishwa kufikiri anakimbia na elimu yake.

Hatumlaumu mwalimu peke yake. Tangu shule ya msingi ya Leta ilipotangazwa bure mwaka 2019, makalasi yamefurika. Mwalimu mwenye umati mbele yake, na mshahara usiotosha, atafanya nini zaidi ya kuwaimbisha?

Kwa hiyo tunadai:

Mtihani uwe na maswali ambayo mtoto anaeleza njia aliyopita mpaka kufika kwenye jibu.

Mwalimu alipwe vema, apunguziwe watoto, apewe vyombo vya kupimia.

Mtoto aanze masomo kwa lugha anayoielewa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha zetu; itimizwe.

Nanyi wazazi, musinunue majibu. Mwenye kununua majibu anamnunulia mtoto wake utumwa. Jioni mtoto akisema somo amelimaliza, muulizeni neno moja tu: kwa nini? Akishindwa kujibu, arudi kusoma. Akianza kuwabishia kwa sababu nzuri, musimpige. Huyo ndiye tunayemngoja.

Wandugu, bendera tulipata mwaka 1960. Uhuru wa akili bado tunaudai, na tutaudai mpaka tuupate!