Ulimi Unaomrudisha Mkimbizi Njiani



Wapendwa, twapenda kuilaumu Marekani kwamba baada ya Septemba 11, 2001 hofu yake iligeuka sheria, na mgeni akawa mshukiwa. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: na sisi tujitazame.

Vita tusivyopigana vimetubadili. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 tuliwapokea, wakapewa ardhi Katumba na baadaye Mishamo, wakafyeka pori, wakalima. Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya 200,000 waliingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi, tukaelemewa. Mwaka 1995 tukafunga mpaka na Burundi, na mwaka 1998 tukatunga sheria kali zaidi ya wakimbizi.

Sikatai kwamba mzigo ulikuwa mzito. Lakini mwaka 2014 Serikali ilianza kutoa vyeti vya uraia kwa watu zaidi ya 162,000 wa makazi yale ya 1972. Kwa nini basi, sokoni na hata mlangoni mwa kanisa, bado twasema “yule mkimbizi”? Sheria imeimaliza safari yao. Ulimi wetu wawarudisha njiani kila siku.

Familia Takatifu nayo ilikimbilia Misri usiku. Kama Wamisri wangekuwa na ulimi wetu, Mtoto Yesu angeitwa nani?

Jumapili hii, kabla ya kupeana amani, tujiulize hilo.