MBA Haitamfundisha Wakili Kazi ya Mvita

Siku hizi kijana wa Mombasa akimaliza shahada ya sheria, hata kabla hajaapishwa kuwa wakili, jamaa wameshampangia MBA. Sheria peke yake haitoshi, wanamwambia. Ukiwa na sheria na biashara kwa pamoja hutakosa kazi. Mama anaweka dhahabu rehani, mjomba aliyeko Dubai anaombwa mchango, na laki kadhaa zinaishia kwenye ada. Wanaotoa ushauri huu wana nia njema. Ushauri wenyewe ni mbovu, na unaowaponza ni watu ambao hawana cha ziada.

Tuangalie ulikotoka. Marekani, sheria husomwa baada ya digrii ya kwanza, kwa miaka 3, na MBA huchukua miaka 2. Vyuo kama Harvard viliziunganisha ili mtu azimalize zote kwa miaka 4. Anaokoa mwaka mzima, pamoja na ada yake. Kwetu sheria ndiyo digrii ya kwanza, miaka 4. Kisha kuna Kenya School of Law kule Karen, mitihani ya uwakili, na miezi 6 ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu. MBA ikiongezwa juu ya hayo haipunguzi hata siku moja. Tumeiga mtindo, faida yake tumeiacha hukohuko.

Na kazi yenyewe ya hapa Mvita, kisiwani Mombasa, ni ipi? Tuchukulie nyumba ya ghorofa Kibokoni, katika Mji wa Kale: chini duka, juu wanakaa watu. Mwenyewe amefariki, ameacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu inagawika mafungu 40: mjane 5, kila mwana wa kiume 14, binti 7. Mwana mmoja yuko Muscat, anataka iuzwe upesi. Binti anaishi humo humo na wanawe. Mahakama ya Kadhi, inayotambuliwa na kifungu cha 170 cha Katiba, itasema nani ana fungu gani. Sawa. Lakini kiwanja ni cha nani? Hapa Mombasa tuna jambo ambalo sheria ya Kiingereza hulikubali kwa shingo upande: nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba ni huyu, mwenye kiwanja ni yule, na huyu humlipa yule kodi ya ardhi. Nyumba ya namna hii huuzwa, hununuliwa na hurithiwa, ila ukiipeleka benki kuombea mkopo watakuuliza hati ya ardhi iko wapi. Kiwanja kikiwa cha wakfu, Tume ya Wakfu nayo ina neno. Ukitaka kubomoa ukuta ili duka lipanuke, kumbuka Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Makumbusho ya Kitaifa yatakuuliza kwa ruhusa ya nani.

Sasa niambie: fungu la yule binti, 7 kati ya 40, ni shilingi ngapi?

Anayeweza kulijibu swali hilo anaijua sheria na anaijua biashara. Amejifunza kwa wazee waliouza na kununua Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu, kwa kupekua mafaili ya ofisi ya ardhi, kwa kukaa mahakamani kwa Kadhi asubuhi nzima akisikiliza kesi zisizo zake. Darasa la MBA litamfundisha kukadiria thamani ya kampuni iliyoko soko la hisa, yenye vitabu vilivyokaguliwa. Fungu la binti halina vitabu. Lina ndugu wasiosemezana.

Bandarini mambo ni hayo hayo. Baada ya reli ya SGR kuanza, serikali iliamuru makontena ya kwenda bara yasafirishwe kwa garimoshi na kutolewa hukohuko bara. Malori yakaegeshwa, watu wakapoteza kazi. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikalifuta agizo hilo, na Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudi bandarini. Kesi kama ile inamtaka wakili anayejua kontena hupita mikononi mwa nani tangu meli ifunge gati hadi lori litoke getini, na kila hatua nani hulipwa. Mawakala wa forodha wanayajua hayo yote, na wengi wao hawamnyimi maarifa kijana anayeuliza kwa adabu.

Nakubali kwamba wakili asiyeweza kusoma hesabu za kampuni anamhatarisha mteja wake. Anayetaka kazi za benki kubwa Nairobi huenda MBA ikamfaa, baada ya miaka kadhaa kazini, na ikiwezekana kwa fedha za mwajiri. Lakini kwa hesabu tuna bodi ya mitihani ya KASNEB tangu 1969. Kozi zake za uhasibu na ukatibu wa kampuni husomwa jioni huku mtu anafanya kazi. Sheria ya Kampuni ya 2015 inalazimisha kampuni ya binafsi yenye mtaji wa shilingi milioni 5 au zaidi kuwa na katibu aliyehitimu. Hiyo ni kazi halisi ya sheria na biashara, na ipo hapa. Na anayedhani MBA itamwezesha kufungua ofisi ya mawakili yenye wawekezaji kama kampuni ya mabasi, ajue kwamba kanuni za uwakili zinamkataza wakili kugawana ada na asiye wakili.

Lawama zangu kubwa naziweka kwa sisi wakubwa. Ofisi za mawakili zinatangaza kazi na kuandika kwamba mwenye MBA atafikiriwa kwanza, kisha humuweka kijana miezi 6 akibeba mafaili bila hata nauli. Halafu tunashangaa kwamba hajui kitu, tunampeleka akasome tena. Mlipeni. Mpelekeni kwa Kadhi, ofisi ya ardhi na bandarini, aulizwe jioni alichokiona. Na wewe mama, dhahabu yako usiiweke rehani kwa ajili ya ada. Kama lazima imsaidie mwanao, imlipie chakula na nauli katika miezi hiyo 6, ili asiikimbie kazi kabla hajaijua.