Mtumishi wa Umma Ajifunze Lugha ya Umma

Katika mji wa Jinja, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria, kipo Chuo cha Watumishi wa Serikali ya Uganda. Chuo hicho kiko chini ya Wizara ya Utumishi wa Umma. Kazi yake ni kuwanoa maafisa wa serikali, wale walioajiriwa jana na wale waliokwisha kuota mvi kazini, katika mambo kama uongozi, maadili na usimamizi wa kazi. Sina ugomvi na masomo hayo. Nchi isiyowafunza watumishi wake hujiandalia aibu. Dai langu ni moja: Kiswahili kiwe somo la lazima katika chuo hicho, kitahiniwe, na matokeo ya mtihani huo yawe na uzito katika kuthibitishwa kazini na kupandishwa cheo. Mafunzo ya hiari hayatoshi.

Tuanze na neno lenyewe. Wanafunzi wangu wanajua kwamba maneno mtumishi, utumishi, mtume na mtumwa yana mzizi mmoja, yaani -tum-. Mtumishi ni mtu aliyetumwa. Ametumwa na nani? Ibara ya 1 ya Katiba ya Uganda inajibu bila kigugumizi: mamlaka yote ni ya wananchi. Basi mwananchi ndiye mtumaji, na afisa ndiye mtumwaji. Sasa nauliza: ni mtumwaji gani huyu asiyeielewa sauti ya aliyemtuma? Tajiri akiajiri mpishi asiyeelewa neno lake hata moja, atamwachisha kazi kabla ya chakula cha jioni. Mwananchi hana uwezo huo. Yeye husimama dirishani, akarudishwa kesho, na kesho kutwa akarudishwa tena.

Sheria haina kasoro katika jambo hili. Kasoro iko kwa watekelezaji. Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa, na Ibara ya 6 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna ambayo Bunge litaainisha kwa sheria. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia agizo hilo na kupendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kabla ya hapo, mtaala mpya wa mwaka 2020 ulikuwa umekwisha kukifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili.

Tazameni basi kinyume kilichopo. Mtoto wa miaka 13, asiye na mshahara wala mamlaka, analazimishwa na serikali kujifunza Kiswahili. Afisa wa miaka 40, anayelipwa kwa kodi ya wazazi wa mtoto huyo, halazimishwi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nami nakubali. Lakini hawakusema aliyekauka aachwe avunde. Serikali inayomwagiza mtoto njia ambayo yenyewe haiipiti inamfundisha mtoto somo lingine kabisa: kwamba amri ni za wanyonge.

Wapo watakaosema kwamba hili ni suala la heshima ya lugha, na kwamba mwalimu wa Kiswahili anavutia upande wake. La. Hili ni suala la haki. Nendeni Busia na Malaba kwenye mpaka wa Kenya, au Mutukula kwenye mpaka wa Tanzania, au Mpondwe kwenye mpaka wa Kongo. Wachuuzi wa samaki, mahindi na vitenge wanauziana kwa Kiswahili tangu alfajiri. Nendeni Nakivale, Kyangwali na Kyaka II, katika makazi ya wakimbizi, ambako Wakongo wengi wanakitumia kila siku. Katika mahali kama hapo Kiswahili hakisubiri kuletwa na serikali. Kimefika zamani, serikali ndiyo iliyochelewa.

Afisa asipokijua, nani hujaza pengo? Hujazwa na yeyote aliye karibu: mlinzi wa lango, kijana wa bodaboda, au kishoka anayezurura nje ya ofisi akingoja watu waliokwama. Kishoka hutafsiri anachotaka na hulipisha anavyotaka. Mwanamke aliyedhulumiwa hulazimika kumweleza mtu wa njiani siri ambayo hajamweleza hata dada yake. Mchuuzi hulipa ushuru asioujua sababu yake. Rushwa nyingi huanza hapo, katika nafasi iliyo kati ya swali lisiloeleweka na jibu lisiloeleweka. Tunawafundisha maafisa maadili, kisha tunawakalisha mahali ambapo mwananchi hawezi hata kuwauliza bei halali ya huduma ni ngapi.

Jambo moja katika Katiba hunisumbua kila ninapolifundisha. Ibara ya 28 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Ni haki njema. Lakini ina maana kwamba mtu anayeshtakiwa kwa wizi wa kuku ana mkalimani, na mama anayefuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe hana. Je, mwananchi avunje sheria kwanza ndipo serikali imsikilize kwa lugha anayoielewa?

Nazijua hoja za wapinzani, na ninazijibu moja moja.

Wanasema Kiingereza kinatosha, kwa kuwa ndicho kinachotuunganisha. Kinawaunganisha nani? Kinamuunganisha katibu mkuu na mkurugenzi, na mkurugenzi na mfadhili. Muuza nyanya wa Busia hayumo katika umoja huo. Simwombi afisa akitupe Kiingereza. Namwomba aongeze lugha. Anayeongeza mlango katika nyumba yake hajabomoa ule wa kwanza.

Wanasema Kiswahili ni lugha ya bunduki. Hoja hii naiheshimu, kwa maana imetoka katika machungu ya kweli. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na wazee wetu wengi walikisikia kwa mara ya kwanza vinywani mwa askari waliowasimamisha barabarani. Lakini lugha haibebi dhambi za wasemaji wake. Ingekuwa hivyo, Kiingereza kingekuwa cha kwanza kizimbani: Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, uliogawa ardhi kwa wakubwa na kuwaacha wakulima wengi wakiwa wapangaji, uliandikwa kwa lugha hiyo. Zaidi ya hayo, ikiwa mwananchi alikiogopa Kiswahili kwa sababu alikisikia kikiamrisha, dawa ni kumsikizisha kikihudumia. Acheni akutane nacho dirishani, kwa salamu na kwa upole: "Shikamoo mama, karibu, nikusaidie nini?" Neno hilo moja litafanya kazi ambayo hotuba kumi hazikuifanya.

Wanasema wanakijiji wengi wa Uganda hawakijui Kiswahili pia. Ni kweli, na sitaificha kweli hiyo. Katiba yetu inaorodhesha jamii asilia 65, na mtu wa Karamoja au wa Kigezi ana lugha yake. Kwa sababu hiyo sidai Kiswahili kichukue nafasi ya lugha hizo. Afisa anayepelekwa Moroto afundishwe pia Ngakarimojong ya kumwezesha kusalimu, kuuliza na kueleza. Lakini afisa wa serikali kuu huhamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine, na wilaya zetu zimepita 130. Hawezi kujifunza lugha zote. Anaweza kujifunza moja inayovuka mipaka ya makabila na ya nchi, ambayo watoto wa kidato cha kwanza na cha pili wanapaswa kujifunza hivi sasa. Baada ya miaka michache watoto hao ndio watakaosimama dirishani. Je, watamkuta nani upande wa pili?

Wanasema Kiswahili hakina msamiati wa ofisi. Huyu msemaji hajavuka Mutukula. Mwaka 1967 Rashidi Kawawa, aliyekuwa Makamu wa Pili wa Rais wa Tanzania, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali. Tangu hapo makarani wa Tanzania wamefungua majalada, wamepeleka barua masijala, wameandika madokezo, wametoa nyaraka na kuteua makaimu, yote kwa Kiswahili, na serikali yao haikusimama. Nao walianza kwa kupapasa. Msamiati hauji kabla ya matumizi. Unakuja kwa kutumiwa.

Mwisho, wanasema fedha hakuna. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Gharama ya kutojua lugha haionekani katika bajeti kwa sababu mwananchi ndiye anayeilipa: nauli ya safari ya tatu, chai ya kishoka, siku ya kazi iliyopotea. Vyuo vikuu vya Makerere na Kyambogo vinafundisha walimu wa Kiswahili. Wataalamu hawaagizwi kutoka ng'ambo.

Basi yafanyike haya. Kila mwajiriwa mpya anayepita Jinja afundishwe Kiswahili cha huduma, na mtihani wake uwe wa kuzungumza: akalishwe dirishani, aletewe mwananchi mwenye shida, apimwe kama shida hiyo imeeleweka. Hakuna afisa atakayepangiwa kituo cha mpakani au cha wakimbizi kabla ya kufaulu mtihani huo. Fomu za huduma za kawaida ziandikwe pia kwa Kiswahili chepesi, na chuo hicho kiwe karakana ya kuziandaa. Nalo Bunge litunge sheria ambayo Ibara ya 6 iliisubirisha, ili jambo hili lisitegemee hisani ya mkuu wa idara.

Nanyi wanafunzi, msingoje. Mtakapokwenda kuomba kitambulisho cha taifa, salimuni na kuulizeni kwa Kiswahili, kwa adabu. Mkijibiwa kwamba hakieleweki, msigombane na karani. Andikeni barua fupi kwa mkuu wa ofisi hiyo, na nakala kwa mbunge wenu, mkitaja Ibara ya 6. Barua moja hutupwa kapuni. Barua mia mbili huitishiwa kikao. Na baadhi yenu mtakaa upande wa pili wa dirisha siku moja. Mkifika Jinja bila kukuta somo hili katika ratiba, ulizeni limewekwa wapi, na muulize kwa Kiswahili.