Utafiti wa ukoma hauna budi uwafae wanavisiwa

Kwa muda mrefu serikali nyingi duniani ziliviona visiwa kuwa ni mahali pa kuwatupia wagonjwa wa ukoma. Robben Island, huko Afrika Kusini, kilipokea wagonjwa hao tangu mwaka 1846 hadi 1931. Molokai, katika visiwa vya Hawaii, kilifanywa hivyo tangu mwaka 1866, na sheria ya kuwatenga haikufutwa mpaka mwaka 1969. Culion, huko Ufilipino, kilianza kupokea wagonjwa mwaka 1906. Mgonjwa alitiwa chomboni, akaagana na watu wake, na bahari ikawa ndiyo ukuta wa gereza lake.

Siku hizi visiwa vimepewa kazi nyingine katika habari ya maradhi haya, nayo ni kazi ya utafiti. Kuanzia mwaka 2019 ndugu zetu wa Anzuani na Mwali, katika nchi ya Komoro, walipimwa ngozi nyumba kwa nyumba, mwaka baada ya mwaka, ili wataalamu wapate kujua kama dawa ya kinga inaweza kuuzuia ukoma usihame kutoka kwa mgonjwa hadi kwa jamaa na jirani yake. Sisi wa Unguja na Pemba, ambao tumeoana na Wakomoro kizazi baada ya kizazi, hatuwezi kuitazama kazi hiyo kama habari ya mbali. Tunaipongeza. Lakini tunasema pia kwamba utafiti unaofanywa kwa miili ya wanavisiwa haujatimia mpaka matunda yake yarudi katika nyumba zilezile zilizofungua milango.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini kazi hii ni ngumu. Kijidudu cha ukoma, alichokigundua Daktari Armauer Hansen huko Bergen, Norway, mwaka 1873, mpaka leo hakijakubali kuoteshwa katika vyombo vya maabara kama vijidudu vingine. Huzaana polepole mno: hujigawa mara moja katika muda wa wiki mbili hivi, hali kijidudu cha kipindupindu hujigawa katika muda usiozidi saa moja. Kwa hiyo mtu aliyeambukizwa huweza kukaa miaka mitano, na pengine ishirini, kabla ya baka la kwanza kuonekana. Mtafiti anayetaka kujua kama dawa yake imezuia ugonjwa hana budi kuwafuata watu walewale kwa miaka. Kisiwani, ambako vijiji hujulikana na watu hujuana, ufuatiliaji wa namna hiyo huwezekana.

Utafiti umekwisha tufaa sana. Dawa ya dapsone, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1940, iliwatoa wagonjwa wengi makambini. Lakini kwa kuwa ilitumiwa peke yake, vijidudu vikaizoea. Mwaka 1972 visiwa vya Malta na Gozo vilianza kuwatibu wagonjwa wao wote kwa mseto wa dawa kadhaa, na ingawa ugonjwa ulikuwa umekwisha anza kupungua huko, ilionekana kwamba waliorudiwa baada ya matibabu walikuwa wachache mno. Mwaka 1981 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza mseto wa rifampicin, clofazimine na dapsone. Tiba hiyo huchukua miezi sita au kumi na miwili, na tangu mwaka 1995 imekuwa ikitolewa bure. Mgonjwa aliyeanza dawa huacha kuambukiza wengine katika muda mfupi. Hakuna tena hoja yoyote ya kumtenga.

Basi mbona ukoma haujaisha? Sababu moja ni neno lililotufanya tulale mapema. Mwaka 1991 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuutokomeza ukoma ufikapo mwaka 2000, lakini maana ya kutokomeza katika azimio lile ilikuwa kubakisha mgonjwa chini ya mmoja katika kila watu 10,000. Tanzania ilifikia kipimo hicho mwaka 2006. Wengi waliosikia habari hiyo walidhani kwamba maradhi yamekwisha, na mhudumu asiyeyatazamia maradhi hayaoni hata yakikaa mbele yake. Kumbe hesabu ya taifa zima huweza kuwa nzuri huku wilaya moja au kisiwa kimoja kikiungua. Komoro yenyewe ni mfano: wagonjwa walio wengi hutoka Anzuani, na Ngazija ina wachache. Mwaka 2023 wagonjwa wapya waliotangazwa duniani walikuwa 182,815. Tanzania na Komoro zote mbili zimo katika orodha ya nchi 23 ambazo Shirika la Afya Duniani limezipa kipaumbele.

Sababu ya pili ni kwamba kumtibu mgonjwa aliyekwisha jitokeza hakumkingi yule aliyelala naye nyumba moja kwa miaka kabla ya baka kuonekana. Hapo ndipo utafiti mpya ulipoelekea. Huko Bangladesh jamaa na majirani wa wagonjwa, zaidi ya watu 21,000, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja likapewa dozi moja tu ya rifampicin, na jingine likapewa kidonge kisicho na dawa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba katika miaka miwili ya mwanzo ugonjwa ulipungua kwa asilimia 57 miongoni mwa waliopewa dawa. Baada ya miaka hiyo dozi ile haikuonyesha faida ya ziada. Hata hivyo mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, kwa sharti la kuhakikisha kwanza kwamba anayepewa hana ukoma wala kifua kikuu.

Watafiti wa Komoro walitaka kwenda mbele zaidi. Waliongeza dozi ya rifampicin maradufu, wakavigawa vijiji: vingine walipewa watu wa nyumba ya mgonjwa tu, vingine wakapewa pia majirani walio katika mita 100, na vingine havikupewa dawa ya kinga, ili pawe na cha kulinganisha. Baadaye, katika utafiti wa pili, iliongezwa dawa ya bedaquiline. Hivyo ndivyo elimu inavyopatikana, nasi hatuoni aibu ndani yake. Lakini mwanakijiji aliyekubali kulinganishwa bila ya kupewa dawa ameikopesha dunia nzima, na deni hilo lapasa kulipwa.

Kwa maoni yetu, malipo ya haki ni matatu. Kwanza, kila utafiti unaofanywa visiwani, wa ukoma au wa maradhi mengine ya ngozi, matokeo yake yasomwe kijijini kwa lugha ya kijijini, mbele ya wazee na akina mama, kabla hayajasahauliwa katika makabati ya ofisi. Pili, dawa ya kinga iliyokwisha kubaliwa iingizwe katika bajeti ya Serikali yenyewe, isingojee mradi wa mgeni. Mradi una mwisho wake, na ukoma husubiri miaka ishirini. Tatu, wahudumu wa vituo vya afya wafundishwe tena kuitambua ngozi, kwa maana wengi wao wamesoma katika zama ambazo ukoma ulihesabiwa kuwa umekwisha.

Pana jambo moja la kuangaliwa kwa makini. Majirani wanapopewa kidonge, hutaka kujua sababu yake, na mgonjwa hutambulikana. Palipo na watu wachache siri haina pa kujificha. Kwa hiyo mgonjwa aombwe ridhaa kabla jirani yeyote hajafuatwa, na upimaji wa ngozi ufanywe kwa watu wote wa mtaa na kwa maradhi yote, upele, choa na mabaka, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole.

Kwa wananchi tuna neno fupi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika ukoma kinachoumbua ni mkono uliopinda na mguu uliokufa ganzi, na vyote viwili huweza kuzuiwa. Baka lililopauka au jekundu, lisilowasha wala kuhisi mguso, lipelekwe kituoni wiki hiyo hiyo. Watu walio wengi wana kinga ya asili, na dawa ipo.

Mwaka 2024 Jordan ilithibitishwa kuwa nchi ya kwanza duniani kuutokomeza ukoma. Visiwa vyetu, ambavyo mipaka yake ni bahari na watu wake hujuana kwa majina, havina udhuru wa kuwa vya mwisho.