Le Mans: kilo 37 zilizoacha maswali

Mwezi wa sita 2023, Ferrari ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, na kuvunja utawala wa miaka mitano wa Toyota. Lakini siku chache kabla ya mbio, wasimamizi waliongezea gari la Toyota uzito wa kilo 37. La Ferrari 24, la Porsche 3 tu.

Kila kampuni huunda gari kwa namna yake, kisha uzito na nguvu hurekebishwa ili magari yakaribiane. Utaratibu huo umevutia makampuni mengi. Ila fundi aliyefanya kazi bora ndiye anayebebeshwa mzigo.

Toyota ilimaliza ya pili, nyuma kwa sekunde 81. Ni kweli, dereva wake aliteleza na kugonga ukuta karibu na mwisho. Je, bila kilo zile angelazimika kukimbiza hivyo?