Afya Haimo Kichupani

Katika miji yetu, na Kisumu haikusalimika, imezuka imani kwamba afya ni kitu cha kununuliwa ndani ya kichupa. Muuza vidonge husifu seleniamu na vitamini E kana kwamba ni maji ya uzima: atumiaye, asema, hazeeki upesi wala hapatwi na saratani. Naipinga imani hiyo, kwa kuwa yaondoa fedha mfukoni na busara kichwani.

Sisemi kwamba vitu hivyo havina kazi. Mwili hutumia oksijeni kuunguza chakula, na katika kuunguza huko huzuka chembe kali zinazoshambulia mafuta ya kuta za seli, kama hewa iharibuvyo mafuta yaliyoachwa wazi jikoni. Vitamini E hukaa humo na kuzituliza. Seleniamu ni sehemu ya vimeng'enya vinavyovunja sumu iliyosalia. Walinzi hao husaidiana. Lakini walinzi wakitosha, kuwazidisha si kuzidisha usalama. Mtu mzima huhitaji seleniamu mikrogramu 55 tu kwa siku. Ikizidi mno, nywele hunyonyoka na kucha huharibika.

Ushahidi upo. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani na Kanada walianza kuwajaribu wanaume zaidi ya 35,000 kwa vidonge hivyo, ili waone kama vitazuia saratani ya tezi dume. Mwaka 2008 vilisimamishwa, maana faida haikuonekana. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipatwa na saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kinga iliyotarajiwa iligeuka kuwa hatari.

Nasi tumepewa nini? Tumepewa ziwa na shamba. Dagaa, ambao hapa huitwa omena, wana seleniamu, na pamoja nayo protini na chokaa ya mifupa. Njugu karanga, mafuta ya alizeti na mboga za majani zina vitamini E. Hata hivyo omena wengi husagwa wawe chakula cha mifugo, na mtoto wa ufukoni huambiwa kwamba ni kitoweo cha maskini. Kuku hulishwa omena, na mwenye kuku hununua vidonge! Je, ni nani kati yao aliye na akili?

Huenda mtu akajibu kwamba wako wagonjwa ambao miili yao haiwezi kufyonza mafuta, nao huhitaji vidonge. Ni kweli, lakini hao huamriwa na daktari, si na mchuuzi. Mwenye afya na aende sokoni Kibuye na kikapu chake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Omena hawana mpiga debe. Vidonge wanao wengi.